Mbuyu wa Salaita

Matatu ya Taveta haiondoki Voi mpaka ijae, na siku hiyo ilijaa pamoja na kuku wawili chini ya kiti changu. Barabara inakatiza Tsavo, udongo mwekundu kulia na kushoto, na ukibahatika kumwona tembo, naye ni mwekundu vivyo hivyo. Tukapita Maktau, tukapita Mbuyuni, kisha Kilimanjaro ikachomoza, mawingu hayajaiwahi. Wenzangu wamelala; mimi macho kodo.

Nilishuka Salaita. Kwa mtu wa Mombasa kama mimi, ni kilima cha kupanda bila kuhema sana. Lakini tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na askari wao walikuwa wamejichimbia hapa, na Waingereza wakawatuma Waafrika Kusini kuwang'oa. Mizinga ilitwanga kilele, kumbe mahandaki yako chini, mguuni pa kilima! Mchana washambuliaji wakarudi mbio, wakikingwa na kikosi cha Wabulushi wa jeshi la India, watu wale wale ambao washambuliaji hao walikuwa wakiwadharau.

Mzee mmoja alikuwa akichunga mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona mti?"

Akatangulia. Miiba ya migunga ilitoboa kandambili zangu mara tatu, na kila mara alisimama kuning'oa mwiba, akicheka. "Kesho uje na viatu."

Mbuyu ule ni mnene kama nyumba, gome la kijivu linang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Una matundu, nao wenyeji husema ni ya risasi. Kingo zake zimejikunja ndani kama midomo ya kibogoyo. Nilitia kidole, nikakuta ubaridi. Inasimuliwa kuwa mwanamke wa Kijerumani alijificha humu akilipiza kisasi cha mumewe. Mzee aliisimulia kwa mikono yote miwili. Mimi niliamini nusu, nikafurahi nzima. Nilichowaza zaidi ni wapagazi waliobeba risasi hizo kichwani, wale walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo.

Akapasua buyu juu ya jiwe. Kwetu mabuyu ni mekundu, yamekolea sukari, hutia rangi ulimi. Huu ulikuwa ubuyu mweupe, mkavu, mchachu wa kufumba jicho. Akanijazia mfuko, fedha akazikataa.

Nilifika Taveta jua likizama, kokwa moja bado iko shavuni.