Pambo la Arusi na Habari za Wenyewe

Utamaduni wa taifa unapotajwa, wengi wetu hufikiria ngoma, ngonjera na vinyago. Ni wachache wanaokumbuka kwamba namna tunavyopanga viti vya wageni, kitambaa tunachotundika ukutani, na mahali tunapowakalisha bibi arusi na bwana arusi, navyo ni utamaduni. Mwezi Desemba mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza mbele ya Bunge kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Roho hiyo haikai jukwaani peke yake. Hukaa pia katika shughuli ambazo watu huzifanya wenyewe, kwa fedha yao na kwa mikono yao, na hapana shughuli inayotushughulisha kuliko arusi.

Zamani swali la kuchagua ukumbi halikuwapo, kwani ukumbi ulikuwa ni nyumbani. Kule Lamu, nyumba za mawe za karne ya 18 zilikuwa na chumba cha ndani chenye zidaka za chokaa zilizonakshiwa ukutani. Pwani nzima bibi arusi alijulikana kwa kanga ya kisutu, yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwa harufu ya asmini na ya kikuba alichobandikwa kifuani. Katika miteremko ya Kilimanjaro wageni walipokewa kihambani, chini ya migomba iliyopandwa na babu wa bwana arusi. Mambo hayo hayakuwa na mpambaji wa kukodiwa. Waliopamba walikuwa shangazi, somo na majirani, watu waliomjua binti tangu alipokuwa akitambaa. Kwa sababu hiyo pambo lilikuwa na habari za wenyewe.

Hatusemi kwamba kumbi za siku hizi ni mbaya. Katika miji yetu jamaa wengi huishi katika chumba kimoja au viwili, na ua wao hautoshi watu 30, sembuse 300. Ukumbi ni haja ya kweli. Wala hatusemi kwamba kila kilichotoka ng'ambo kitupwe. Ila ni vizuri kujua asili ya tunachokiiga. Gauni jeupe, ambalo wengi hulidhani kuwa ni sharti la tangu na tangu, lilienea huko Ulaya baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa siku ya ndoa yake mwaka 1840. Kabla ya hapo bibi arusi wengi wa huko walivaa nguo yao nzuri ya rangi yoyote. Ikiwa wenye desturi hiyo waliichagua, nasi tunayo haki ya kuchagua.

Neno hilo la kuchagua ndilo lililotusumbua sisi tuliokuwa katika kamati ya arusi moja wilayani Muheza. Bwana arusi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Machame. Bibi arusi alikuwa mwalimu katika shule hiyo hiyo, mzaliwa wa Pangani, na mama yake alikuwa fundi wa kusuka ukili na kushona mikeka. Kamati ilipokutana mara ya kwanza, tulikwenda kuutazama ukumbi mmoja mjini Tanga. Mpambaji alitufungulia kitabu cha picha. Tuliona majukwaa yenye mapazia ya shashi, taa za rangi, viti vilivyovishwa vitambaa na maua ya plastiki. Tulipomwuliza picha hii ni ya arusi ya nani na ile ni ya nani, alifunua kurasa mbele na nyuma, kisha akacheka: hakuweza kuzitofautisha. Kitambaa kilikuwa kile kile, kila Jumamosi kikibadilishwa rangi.

Maarusi wenyewe walikuwa na ombi lao. Walitaka kufanyia karamu katika uwanja wa shule, mahali walipojuana, wakati wa likizo ya Juni. Mwalimu mkuu na kamati ya shule walikubali. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baba wa binti alisimama, akasema, "Ndugu zangu, miaka yote nimechangia arusi za wenzangu, nami nimeketi katika kumbi zao. Leo mnataka watu waseme kwamba binti yangu nilimwozea kiwanjani, kama mtoto asiye na wazazi?" Akatoka kikaoni, na kwa muda wa wiki mbili hakuhudhuria. Hatukumwona kuwa ni mtu wa majivuno. Kwa desturi yetu mchango ni deni la heshima, na mzee huyo alikuwa akidai heshima yake.

Siku hizo hizo lilizuka jambo la pili. Shangazi wa bwana arusi alishauri lango la shule lipambwe kwa majani ya masale ili ionekane kwamba Wachaga wamefika. Bibi yake bwana arusi, mama mzee sana, alimkataza. Alieleza kwamba sale si ua la kuchomekwa popote. Kwao jani hilo huonyesha mpaka wa kihamba, na mtu aliyekosana na mwenziwe humpelekea kuomba amani, naye aliyeletewa si rahisi kukataa. "Mkilijaza langoni," alisema, "siku mtakapolihitaji litakuwa halina maana."

Kauli ya bibi huyo ilitufungua macho. Mjomba wa bwana arusi alisafiri mpaka Pangani, akiwa na sale mkononi, akamwendea baba wa binti. Hakwenda kujadili ukumbi. Alikwenda kuomba radhi kwa kuwa mzee alipelekewa uamuzi badala ya kushauriwa. Baba alipoelezwa maana ya lile jani, alilipokea. Kisha akatoa masharti yake: wazee wapewe viti vyenye egemeo, wapishi wawe chini ya paa, na yeye mwenyewe awapokee wageni langoni. Tuliona kwamba masharti hayo yalikuwa na busara kuliko mipango yetu yote.

Basi tukaanza kupamba, na kwanza tulipima. Jukwaa tuliliweka mbele ya jengo la madarasa lililokinga upepo wa kusi. Viti vya wazee vilielekezwa mashariki ili jua la alasiri lisiwapige machoni. Ukuta wa madarasa ulikuwa na mita 30. Kanga moja ina urefu wa kiasi cha mita moja na nusu. Kwa hiyo doti 10, yaani vipande 20, zilitosha kuufunika ubavu kwa ubavu. Mama wa binti alizisoma moja moja kabla hazijatundikwa, akaiondoa moja ambayo jina lake lilikuwa ni kijembe kwa mawifi. Njia ya maarusi ilitandikwa mikeka ya ukindu aliyoishona yeye. Baada ya karamu zile kanga waligawiwa akina mama waliopika, na fedha ambayo ingekwenda katika mapazia ya kukodi iliwanunulia maarusi mabati ya nyumba yao.

Wageni kutoka Pangani walipofika, tuliwaona wakiinama na kuishika mikeka, wakitaja jina la fundi wake. Wenzake baba wa binti, wale aliowachangia, walimpa mkono na kumsifia kazi ya mkewe. Heshima aliyoiogopa kuipoteza ilimjia kwa njia ambayo ukumbi wa mjini usingeweza kumpa, kwa kuwa huko hapana mgeni ambaye angeitambua hata nyuzi moja.

Hata hivyo tunaonya juu ya kosa la upande wa pili. Wako wanaodhani kwamba kupamba kwa utamaduni ni kukusanya ngao, mikuki, vibuyu na ngozi kutoka kila mkoa na kuvitundika pamoja. Pambo la namna hiyo nalo ni la kukodi, hata kama limetengenezwa hapa nchini. Ikiwa katika ukoo wa maarusi hapana aliyepata kushika mkuki, mkuki huo ukutani hausemi neno. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Makarani wawili wapenda vitabu, waliozaliwa na kukulia Ilala, hawana haja ya kujifanya wafugaji. Taa za kawaida, meza safi na picha za wazazi wao zaweza kuwatosha.

Kwa vijana walioko shuleni, ambao siku moja wataketi katika kamati hizi au katika viti vya maarusi, tungependa kuacha maswali manne. Je, mahali hapa panawatosha wageni na kuwastahi wazee? Je, pambo hili linawahusu wawili hawa, au lingeweza kuwa la mtu yeyote? Je, tunajua maana yake, na tumemwuliza anayeijua? Na kesho asubuhi, karamu ikiisha, litamfaa nani? Arusi ikiyajibu maswali hayo, iwe katika ukumbi mkubwa au chini ya mwembe, waliooana watakuwa wameanza maisha kwa kusema kweli juu ya nafsi zao.