Maji ya Merti na Fortran: Nani Anapiga Hesabu?

Wadau, watu wakisikia naishi Merti na naandika Fortran wanacheka. Ati lugha ya 1957, nani bado anaitumia? Haya, niwajibu: wanaohesabu maji ya chini ya ardhi. MODFLOW, programu inayotumika sana duniani kwa kazi hiyo, ilitolewa na idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani mwaka 1984, na mpaka leo ni Fortran.

Sisi tumekaa juu ya maji hayo. Hifadhi ya maji yenye jina la mji wetu inapita chini kuelekea Wajir na Garissa hadi Somalia, na kambi za Dadaab, zilizoanza 1991, zinaitegemea. Shida ni kwamba maji matamu ni ukanda tu. Pembeni ni chumvi. Visima vikivuta kupita kiasi, chumvi inaweza kusogea. Ngamia atavumilia kiasi. Mtoto je?

Hesabu yenyewe iko hivi. Unagawa ardhi miraba, tuseme 100 kwa 100. Kila mraba unauliza: kwa maji yanayoingia na kutoka, usawa wa maji uko wapi? Tayari una milinganyo 10,000, na kila mmoja unategemea majirani zake.

Usijitese kuandika njia ya kuitatua. Iko LAPACK, maktaba ya sabrutini za bure, iko tangu 1992, na imepimwa na watu wengi kuliko code yako na yangu. Kazi yako ni kuchagua vizuri. Ukiita DGESV, inataka jedwali zima: namba milioni 100, karibu megabaiti 800. Laptop ya mtumba italia. Lakini kila mraba unagusa majirani wanne tu, kwa hivyo mengine karibu yote ni sufuri. Ita DPBSV, inayoweka ukanda tu: namba kama milioni 1, megabaiti 8. Jibu ni lile lile.

Halafu angalia INFO. Ikirudi 0, sabrutini imemaliza kazi sawa. Ikirudi namba nyingine, usiguse hilo jibu.

Sasa msimamo wangu. INFO ikiwa 0 haimaanishi kisima kiko sawa. LAPACK haijui kama kina ulichoandika kilipimwa ama kilikisiwa ofisini, wala jenereta ya kisima ilinguruma saa ngapi wakati wa kiangazi. Anayejua ni mwendeshaji wa kisima, na wazee wanaopanga zamu za kunywesha mifugo.

Ndiyo maana nasema vijana wa huku tujifunze hii kitu. Sio tuwe wataalamu wote. Ni ili siku mtu akileta ramani yenye rangi nzuri na kusema maji yanatosha, mmoja wetu aulize: "Namba za visima vyetu ulizitoa wapi?"

Ama nyinyi mnaonaje?