Anayekusubirisha Ana Deni

Katika maisha yetu, kusubiri kuna vyeo. Mgeni rasmi akichelewa, shughuli haianzi: watoto wa halaiki watasimama juani, wazee watakaa kwenye viti vya plastiki mpaka migongo iume, na akifika tutampigia makofi. Mama aliyetoka kijijini akichelewa kliniki anaambiwa arudi kesho. Tumeyazoea hayo kiasi kwamba hatuulizi tena saa zilizopotea zilikuwa mali ya nani, wala nani anapaswa kuzilipa. Jibu la swali hilo nilikutana nalo mahali nisipopatarajia, katika sheria ya kumfidia abiria wa ndege aliyecheleweshwa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari.

Nilikuwa narudi Dar es Salaam kutoka Rome, kwa tiketi moja yenye ndege mbili: ya kwanza kutufikisha kituo cha kuunganisha, ya pili kutuleta nyumbani. Langoni nilikaa jirani na mama mmoja wa Tanga aliyekwenda kumlea bintiye aliyejifungua. Nilimwamkia, akaitikia, tukaanza kuulizana ya nyumbani. Mkoba wake mdogo alikuwa ameukumbatia. Ndani mlikuwa na pasi ya kusafiria, tasbihi na bahasha ya dawa za presha. Kaka yake alifariki yeye akiwa huko ugenini. Maziko hakuyawahi, na Jumamosi ile ilikuwa hitima ya arobaini.

Saa ya kupanda ikapita. Ubao ukabadilisha saa, ukabadilisha tena, kisha ukaacha kuonyesha saa yoyote. Mhudumu wa kaunta akasema ndege ina hitilafu ya kiufundi. Baadaye tukagawiwa kuponi za chakula, zilizotosha mkate uliotiwa nyama na chupa ya maji. Mama akauliza ile ni nyama gani. Hakupata wa kumjibu kwa uhakika, basi akauweka mkate pembeni, akameza vidonge vyake kwa maji matupu. Tulipofika kituo cha kuunganisha, ndege ya pili ilikwishaondoka. Tulitua Dar siku ya pili yake. Hitima ilikuwa imesomwa, majamvi yamekunjwa na watu wametawanyika.

Pale uwanjani, tukingoja mizigo, nilimwambia kwamba tuna haki ya kudai fidia. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, tumefika salama. Yaliyopita si ndwele. Tuanze kugombana na watu kwa ajili ya saa?"

Jibu lake lina hekima, nami nililelewa katika hekima hiyo hiyo. Lakini naona tunachanganya mambo mawili. Kufika salama ni neema, na neema hushukuriwa. Kucheleweshwa ni hasara iliyosababishwa na mtu, na hasara hulipwa. Shukrani tunampa Mungu, deni tunamdai aliyelikopa. Anayetuambia tushukuru ili asilipe ameitumia dini yetu kufutia daftari lake.

Sheria yenyewe ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Inamlinda kila abiria anayeondokea uwanja ulio ndani ya Umoja huo, awe raia wa huko au mgeni, na ndege iwe ya shirika la nchi yoyote. Anayetoka kwetu kwenda Ulaya analindwa nayo iwapo shirika linaloendesha safari ni la Umoja wa Ulaya. Fidia ni euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500. Ni euro 400 kwa safari ya kilomita 1,500 hadi 3,500, na pia kwa safari ndefu zaidi zilizo ndani ya Umoja. Kwa safari nyingine zote zinazozidi kilomita 3,500 ni euro 600, ingawa shirika linaweza kuipunguza hiyo kwa nusu kama ucheleweshaji haukuzidi saa nne. Rome hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 5,000, na sisi tulichelewa karibu siku nzima.

Tazama kile ambacho sheria hii haikihesabu. Haiulizi tiketi yako ilikuwa ya bei gani, wala kazi yako ni ipi na saa yako moja inaingiza kiasi gani. Aliyelala kwenye kitanda cha daraja la kwanza na aliyebanwa kiti cha mwisho karibu na choo wanapata kiasi kile kile. Mwenye kampuni na mfanyakazi wake wa ndani wakisafiri pamoja, saa zao zina bei moja. Nilikuwa sijawahi kuona sheria inayotamka usawa wa binadamu kwa namna iliyo wazi hivyo, tena katika jambo la kila siku kama kuchelewa.

Hata hivyo usawa huo haukuja wenyewe. Ilipoandikwa, kanuni ilitaja fidia kwa waliofutiwa safari na walionyimwa nafasi kwenye ndege, lakini aliyecheleweshwa haikumtaja waziwazi. Novemba 2009, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, pamoja na shauri jingine, shauri la familia iliyotoka Toronto na kufika Frankfurt ikiwa imechelewa takriban saa 25. Mahakama ikasema kwamba anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi amepoteza muda kama aliyefutiwa safari, hivyo naye alipwe. Haki hiyo tunayoitumia leo ipo kwa sababu watu wa kawaida walikataa kunyamaza.

Shauri jingine la mwaka 2014 lilinigusa zaidi. Ndege kutoka Salzburg ilipaswa kufika uwanja wa Cologne/Bonn saa 8:40 mchana. Magurudumu yaligusa ardhi saa 11:38 jioni, na ndege ikafika kwenye maegesho saa 11:43. Shirika likasema: tumetua kabla ya saa tatu kutimia, hatudaiwi. Mahakama ikajibu kwamba kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kutoka. Sababu yake ni kwamba ukiwa umefungiwa ndani ya ndege huwezi kuendesha mambo yako, ya nyumbani, ya kazi wala ya jamaa zako.

Nimeirudia hoja hiyo mara nyingi kichwani, kwa sababu inasema kwa usahihi kusubirishwa kunamwondolea mtu nini. Mtu mwenye mkono huru hushika shughuli zake. Anayesubirishwa amefungwa, hata kama hakuna mlango. Mwanamke aliye kwenye foleni ya hospitali hathubutu kutoka kwenda kununua uji, kwa maana jina lake likiitwa naye hayupo, siku nzima imekwenda. Mstaafu anayefuatilia mafao anarudi ofisini kila anapoambiwa arudi, na nauli inatoka kwenye pensheni ambayo bado hajalipwa. Dakika zile ni sehemu ya umri wao, na umri haurudishwi.

Sheria hii pia inaujua upande wa shirika. Dhoruba, anga iliyofungwa au tishio la usalama huweza kuliondolea wajibu wa fidia, kwa kuwa yako nje ya uwezo wake. Lakini hayaliondolei wajibu wa kumtunza abiria. Mwaka 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland yalipofunga anga la sehemu kubwa ya Ulaya, maelfu walikwama. Abiria mmoja aliyekwama Faro, Ureno, akitaka kurudi Dublin, alidai gharama zake za chakula na malazi, na Januari 2013 Mahakama ikaamua kwamba hata janga la namna ile halifuti wajibu wa kumlisha na kumlaza aliyekwama. Hili Mswahili anapaswa kulielewa haraka kuliko yeyote: mgeni akizuiwa kwako na mvua, hukuinyesha wewe, lakini hatalala na njaa chini ya paa lako. Kutokuwa na kosa hakumwondolei mtu utu.

Mama wa Tanga alikubali kudai baada ya bintiye kumpigia simu kutoka Italia na kumsihi. Niliandika barua mbili fupi, yake na yangu: namba ya safari, tarehe, saa tuliyopaswa kufika, saa tuliyofika, kiasi tunachodai na kifungu cha 7 kinachokitaja. Pasi zake za kupandia ndege alikuwa amezitia kwenye bahasha ile ile ya dawa, hazikupata hata mkunjo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na muda nao ni mali. Kwa hiyo nakuusia msafiri: tunza pasi na risiti zako, piga picha ubao unaoonyesha ucheleweshaji, andika saa mlango ulipofunguliwa, na omba sababu ya kuchelewa kwa maandishi.

Jibu la kwanza la shirika lilikuwa la upole na la kukataa: hitilafu ya kiufundi ni dharura, hatuna wajibu. Nikawajibu kwa upole huo huo, nikiwatajia hukumu ya Desemba 2008 katika shauri la abiria waliotoka Vienna kwenda Brindisi kupitia Rome, ambao safari yao ilifutwa kwa ubovu wa injini. Mahakama ilisema hitilafu za aina hiyo ni sehemu ya kazi ya kila siku ya kuendesha ndege na kwa kawaida si kisingizio, labda chanzo chake kiwe kitu kama kasoro iliyofichika tangu kiwandani au hujuma. Jibu la pili likawa vocha ya safari nyingine. Kanuni inasema fidia hulipwa kwa fedha, na vocha inafaa pale tu abiria anapokubali kwa sahihi yake. Nilipomuuliza mama, alisema, "Mimi nilipoteza safari yangu moja. Wasinipe nyingine." Tukawaandikia kwamba wasipolipa tutalipeleka suala hilo ENAC, mamlaka ya usafiri wa anga ya Italia, kwa kuwa safari ilianzia huko. Wakakaa kimya kwa muda, kisha wakalipa.

Katika barua zote zile hapakuwa na neno la matusi wala la kubembeleza. Nimejifunza kwamba subira tunayosifiwa nayo ina sura mbili. Ipo ya kukaa na kumeza, na ipo ya kuandika, kungoja jibu, kusoma, kuandika tena, bila kuchoka na bila kupandisha sauti. Hii ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo huvuta heri.

Fedha zilipoingia kwenye akaunti ya bintiye, mama alinipigia. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtumia kwa simu yule dereva aliyekuja kumpokea Dar es Salaam. Kijana huyo alikesha uwanjani akimngoja, na asubuhi yake akakosa wateja wake wa kila siku, na alikuwa amelipwa nauli ya safari tu. "Na yeye alingoja, mwanangu," aliniambia. "Yeye nani atamlipa?" Sehemu nyingine akaitoa kwa kisomo cha kaka yake. Euro 600 hazikumrudishia hitima, wala hakudhani zingeweza. Lakini alikuwa amelielewa jambo hili kuliko mimi niliyekuwa na vifungu vyote mkononi. Sheria ilimfundisha kwamba saa zake zina mwenyewe, naye akaitanua kanuni ile mpaka ikamfikia mtu ambaye sheria haikumwona.

Kwa safari zetu za ndani ya Afrika, kanuni ya Ulaya haifiki. Kwa safari za kimataifa upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Huo hauna kiwango maalumu cha fidia: unalipwa hasara uliyoithibitisha, hadi kikomo kilichowekwa, na una miaka miwili ya kufungua shauri. Mzigo uliochelewa unatakiwa kuulalamikia kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tanzania pia kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga linalopokea malalamiko ya abiria. Milango ipo, ingawa wachache wanaibisha.

Natamani tuwe jamii inayobisha milango hiyo, na inayojihoji yenyewe pia. Mkuu wa ofisi aliyeitisha kikao saa tatu akaingia saa tano amechukua saa mbili za kila aliyekuwa chumbani. Fundi anayesema "njoo kesho" akijua kesho nguo haitakuwa tayari amechukua nauli na nusu siku ya mteja. Mwenye nyumba anayemweka dada wa kazi mpaka mwisho wa mwezi mwingine bila mshahara amekopa bila kuomba. Dawa ya deni ni kulipa, na pale fedha haihusiki, malipo huanza kwa kukiri: nimekuchelewesha, nimekupotezea, nifanye nini kukufidia?

Dai deni lako mpaka mwisho, kwa adabu na kwa daftari. Kisha utazame ni nani anayekusubiri wewe.