Bandu Bandu Huisha Gogo

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Methali hii nilifundishwa darasani katika muhula wangu wa kwanza chuoni, tulipokuwa tukisoma fasihi simulizi. Lakini maana yake nilikuwa nimekwisha kuijua kwa mbavu zangu mwaka mmoja kabla, ulingoni, katika ukumbi mmoja wa jiji la Kampala. Gogo lilikuwa mimi.

Kwetu Uganda, Kiswahili na ndondi vimekaa nyumba moja kwa muda mrefu. Wengi wa mabondia wetu wa zamani walitoka katika timu za jeshi, polisi na magereza, na lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili. Ndiyo sababu mimi, niliyekulia katika nyumba iliyosema Luganda tu, nilikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mzee tuliyemwita Afande. Alikuwa askari mstaafu aliyefundisha vijana ngumi katika jengo lililokuwa zamani gereji ya magari. Kiswahili chake hakikujua ngeli. Siku ya kwanza alinitazama nikipiga begi, akasema, "Wewe mikono iko mzuri, lakini miguu nasema uongo." Leo nikiiandika sentensi hiyo katika mtihani, mhadhiri wangu ataizungushia wino mwekundu. Hata hivyo sijawahi kuisahau.

Mikono yangu ilikuwa mizuri kweli. Nilikuwa mrefu kuliko wenzangu wa uzito wangu, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa mwepesi. Nilipenda kupiga nikarudi nyuma, nikapiga tena nikahama pembeni, mpinzani akabaki akipiga hewa. Kama vijana wengi nilitazama picha za Muhammad Ali mpaka nikazikariri. Niliamini kwamba ndondi ni akili, na kwamba mtu asiye na ufundi hawezi kumshinda fundi ila kwa bahati.

Ukutani pale gereji palikuwa na picha moja tu, ya John Mugabi, kijana wa Kampala aliyeleta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Alipoingia ndondi za kulipwa alishinda mapambano yake 25 ya kwanza, yote kwa nokauti. Kisha tarehe 10 Machi 1986, mjini Las Vegas, alikutana na Marvin Hagler. Mugabi alirusha ngumi zilizokuwa zimewaangusha wengine wote, lakini Hagler alizipokea, akajibu, akaendelea kujibu, na katika raundi ya 11 Mugabi akahesabiwa akiwa chini. Afande alitusimulia pambano hilo mara nyingi. Kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: nguvu ni kitu kimoja na kubana ni kitu kingine. Mwenye nguvu anataka umalizike sasa hivi. Anayebana hana haraka nawe.

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio tu.

Mpinzani wangu siku ile alikuwa mbeba mizigo katika soko la Owino. Alikuwa mfupi, shingo nene, mikono mifupi. Nilipomwona kwenye mizani nilifurahi. Pambano lilikuwa la raundi tatu, kila moja dakika tatu, na nilijua kwamba kwa mikono ile hangenifikia.

Raundi ya kwanza hakunifikia. Alikuja akiwa ameinama, ngumi zake zimegusa mashavu, nami nikampiga usoni kila alipoinua kichwa. Watu walishangilia. Nilirudi konani nikiwa natabasamu. Afande hakutabasamu. Alinifuta uso akasema, "Yeye hapana piga wewe. Yeye nachukua nafasi yako."

Sikumwelewa, lakini raundi ya pili ilianza kunieleza. Yule kijana hakunifuata nyuma nyuma kama nilivyozoea kufuatwa. Kila nilipozunguka kwenda kushoto, yeye alipiga hatua moja kwenda kulia kwake na kunizibia njia. Mimi nilikuwa natembea ukingo wa duara. Yeye alikuwa amekaa katikati. Hatua zangu tatu zilikuwa sawa na hatua yake moja. Bado nilikuwa nikimpiga, tena vizuri, lakini sasa nilikuwa nikimpiga ili asogee, si ili nipate alama, na hakuwa akisogea. Nilipofika kwenye kamba alinilalia kwa bega na kunipiga ngumi fupi za mbavuni. Hazikuwa kali. Mtazamaji aliye mbali hangeziona, na pengine hata majaji hawakuziona. Nilizihesabu kuwa si kitu.

Katika raundi ya tatu ngumi hizo zilidai malipo yake. Pumzi ilikataa kushuka. Mkono wa kushoto, ule mwepesi, ulianza kurudi chini badala ya kurudi kidevuni, kwa sababu kiwiko kilitaka kulinda mbavu. Nilipoulinda ubavu alipiga kichwa. Nilipokilinda kichwa alirudi ubavuni. Ufundi wangu haukuwa umepotea. Niliona kila nafasi ya kumpiga, nikajua ngumi gani inafaa, lakini mwili ulifika umechelewa. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawalielewi kuhusu bondia fundi anaposhindwa na bondia anayebana. Fundi hasahau kazi yake. Kila kipande cha kazi hiyo kina bei: kuhama kuna bei, kukwepa kuna bei, hata kumpiga mtu asiyesogea kuna bei. Anayebana hufanya kazi moja tu, kukulazimisha ulipe kila sekunde, hata sekunde ambazo hakupigi.

Nikaona kitambaa cheupe kikipita hewani na kuanguka karibu na miguu ya refa. Lilikuwa taulo letu. Afande alikuwa amelirusha, na zilikuwa zimebaki sekunde zisizofika 40.

Nilikuwa nimesimama. Sikuwa nimeanguka hata mara moja. Baadaye mtu mmoja aliyekaa karibu na meza ya majaji alituambia kwamba raundi mbili za kwanza zilikuwa zangu. Ningebaki wima tu ningeshinda. Nilimwambia Afande maneno ambayo kijana hapaswi kumwambia mzee, tena niliyasema mbele ya watu. Nilichukua begi langu, nikaenda nyumbani, na sikurudi tena gereji. Usiku ule mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai. Sikumwambia mama, na sikuona uhusiano wowote kati ya rangi ile na taulo lile.

Mwaka uliofuata niliingia chuo kikuu kusomea ualimu wa Kiswahili. Sikuwa nikizungumzia ndondi. Jioni moja mwenzangu wa chumba, shabiki mkubwa wa michezo, aliniita nitazame pambano la zamani kwenye simu yake. Lilikuwa la tarehe 17 Machi 1990, mjini Las Vegas, kati ya Julio César Chávez wa Meksiko na Meldrick Taylor wa Marekani. Wote wawili walikuwa mabingwa, na hakuna aliyekuwa amewahi kushindwa. Taylor alikuwa na umri wa miaka 23, naye alikuwa amepata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya mwaka 1984. Mikono yake ilikuwa na kasi ambayo sikuwahi kuiona.

Kwa raundi nyingi alimpiga Chávez atakavyo. Ngumi nne, tano, sita kwa mfululizo, kisha anahama. Chávez alikuja tu. Alipiga ngumi chache, lakini kila moja ilipofika ilikaa. Mwenzangu alisema, "Huyu Taylor anashinda kirahisi." Mimi nilikuwa nautazama uso wa Taylor. Ulikuwa unavimba. Alikuwa anashinda kwenye karatasi za majaji huku akimezwa.

Kabla ya raundi ya 12, ya mwisho, majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamempa Taylor uongozi mkubwa. Angekimbia kwa dakika tatu angetoka na ushindi. Lakini kona yake ilimwambia kwamba anaihitaji raundi ile, akaenda kupigana. Mwishoni Chávez alimpata kwa mkono wa kulia, Taylor akaanguka. Aliinuka huku ameshika kamba. Refa, Richard Steele, alimuuliza kama yuko sawa. Hakupata jibu lililomridhisha, akalisimamisha pambano. Zilikuwa zimebaki sekunde mbili.

Mwenzangu aliruka kitandani akipiga kelele kwamba refa ni mwizi. Watu wamebishana juu ya sekunde hizo mbili tangu siku ile, na wataendelea. Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa najiuliza swali jingine: ni nani aliyepaswa kulisimamisha mapema zaidi? Taylor alipelekwa hospitali akiwa na mfupa wa uso uliovunjika, na alikuwa amemeza damu nyingi. Alirudi ulingoni, hata akawa bingwa wa uzito mwingine, lakini wengi waliomfuatilia husema kijana yule wa kasi hakuonekana tena. Miaka ya baadaye, katika mahojiano, maneno yake yalitoka kwa shida. Mwenzangu alizungumza kuhusu sekunde mbili. Mimi nilizifikiria dakika 36 zilizotangulia, bandu baada ya bandu.

Siku chache baadaye nilikwenda Owino kununua viatu vya mtumba, na nani niliyemwona akishusha gunia mgongoni? Tulitambuana. Alicheka, akanipa mkono, akanionyesha jino lililolegezwa na mkono wangu wa kushoto. Nilimuuliza kama hakuogopa zile raundi mbili za kwanza. "Niliogopa sana," alisema. "Lakini mwalimu wangu aliniambia niendelee kwenda mbele tu. Alisema nikikubali kupigwa, wewe utachoka kunipiga." Akaliinua gunia jingine akaenda zake. Nilibaki nimesimama pale. Nilikuwa nimemdhania mtu asiye na ufundi. Kuziba njia kwa hatua moja, kuvumilia bila kufumba macho, kuchagua ubavu badala ya shangwe za watu: hayo yote yalikuwa ufundi, ila si ule niliofundishwa kuupenda na picha za Ali.

Na Ali mwenyewe aliujua. Mwaka 1971, mjini New York, Joe Frazier alimfuata kwa raundi 15, akiinama na kuyumbisha kichwa, akampiga mwilini, na katika raundi ya mwisho akamwangusha kwa ngumi ya kushoto. Ali akashindwa kwa alama. Miaka mitatu baadaye, mjini Kinshasa, George Foreman alimjia kwa nguvu kubwa zaidi. Safari hii Ali hakukimbia sana. Aliegemea kamba, akaziba uso na mbavu, akamwacha Foreman alipe bei yeye. Katika raundi ya nane Foreman hakuwa na cha kulipa. Nadhani hilo ndilo jibu ambalo fundi anaweza kumpa mtu anayembana: usimwachie yeye peke yake aamue ni nani anayechoka. Umkumbatie pale unapohitaji pumzi. Ugeuke badala ya kurudi nyuma moja kwa moja. Nawe umpige mwilini mapema, kabla hujaona faida yake.

Lakini jibu hilo halikuwa langu siku ile, na mtu mmoja alilijua hilo kabla yangu.

Nilimkuta Afande nyumbani kwake, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Nilikuwa nimejifunza adabu mpya chuoni, nikainama kidogo nikasema, "Shikamoo, Afande." Alinitazama kwa muda. "Hiyo ni ya Tanzania," alisema. "Sisi kambini nasema jambo." Kisha akauliza, "Wewe nakuja kuchukua taulo yako?"

Nilimwomba radhi. Nilimwambia kuhusu mkojo, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Hakushangaa. Nilipomuuliza kwa nini alilirusha wakati ule hasa, nilitegemea angezungumzia mbavu zangu. Alisema, "Ngumi tatu ya mwisho, wewe hapana ona. Macho iko wazi, lakini wewe hapana ona."

Nilijaribu kuzikumbuka ngumi hizo tatu. Nakumbuka kamba mgongoni mwangu, na nakumbuka taulo. Kati ya hapo hakuna kitu. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nimejisimulia kwamba nilikuwa nimesimama imara, nikiona kila kitu, nikinyang'anywa ushindi wangu. Sikuwa nimeona kitu.

Sipigani tena. Jumamosi, nisipokuwa na kazi za darasani, nakwenda gereji kumsaidia Afande, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ulingoni. Nawafundisha watoto wenye mikono mizuri waanze na miguu. Siku za mapambano nakaa konani, na raundi ya mwisho ikianza siangalii alama za mtu yeyote. Naangalia macho ya mtoto wetu, na taulo liko begani kwangu.