Kiraka cha Elfu Sita

Leo hakuna vidio. Mtu ambaye alifaa kuwa kwa hiyo vidio amekataa kurekodiwa, ati sura yake si ya kuonyeshwa watu wasio na kazi. Kwa hivyo itabidi msome.

Mwaka jana nilishikwa na ugonjwa wa kadi. Si karata za kamari. Ni zile kadi za wachezaji zinazotengenezwa Marekani: mbele picha, nyuma maelezo. Zamani watoto wa huko walizipata ndani ya pakiti za chingamu. Siku hizi chingamu imetoka, na kuna vitu viwili vinavyofanya mwanaume wa miaka arobaini apige nduru mbele ya kamera. Kimoja ni sahihi ya mchezaji, wino wa kalamu kabisa. Cha pili ni kipande cha jezi, kimekatwa na kupachikwa kwa kidirisha katikati ya kadi, unakiona na unaweza kukigusa.

Hicho kipande jina lake ni kiraka. Manze, hapo nilicheka. Kwetu kiraka ni kitu unakificha na mkono ukiitwa mbele ya darasa. Kwao kiraka kinafungiwa kwa sefu.

Na si mchezo. Agosti 2025, kadi moja ya msimu wa 2007-08 yenye sahihi za Michael Jordan na Kobe Bryant, pamoja na nembo ya NBA kutoka jezi ya kila mmoja, iliuzwa kwa mnada dola milioni 12.9. Ilipita ile ya Mickey Mantle ya 1952, iliyoenda milioni 12.6 mwaka wa 2022. Ya Mantle haina sahihi, haina kitambaa. Ni ya kitambo na imetunzwa, basi.

Haya mambo ya sahihi na vitambaa yana historia yake. Mwaka wa 1990 kampuni ya Upper Deck ilimpa Reggie Jackson, nyota wa besiboli, kadi 2,500 atie sahihi, kisha wakazichanganya kwa pakiti za kawaida. Ukibahatika, unaipata. Mwaka wa 1997 wakakata jezi za wachezaji kama Ken Griffey Jr. na Tony Gwynn na kuweka vipande kwa kadi. Mwaka wa 2003 Donruss wakanunua jezi ya Babe Ruth kwa zaidi ya dola 260,000, halafu wakachukua makasi. Jezi ya shujaa wa taifa! Wengi walikasirika. Lakini biashara ilikuwa imeshaelewa kitu: jezi nzima inamilikiwa na mtu mmoja, jezi iliyokatwa inauzwa kwa mamia.

Mimi nilinaswa na stori ya kijana wa miaka 11 kule Los Angeles. Kwa besiboli, kuanzia 2023, mchezaji akicheza mechi yake ya kwanza kwa ligi kuu anavaa kiraka maalum kwa mkono wa jezi. Mechi ikiisha kinatolewa, kinathibitishwa, kinawekwa kwa kadi moja peke yake duniani, naye anatia sahihi. Kiraka cha Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates kilikuwa kinatafutwa na kila mtu. Timu yenyewe iliahidi atakayekipata tiketi za msimu kwa miaka 30. Huyo kijana alifungua zawadi yake ya Krismasi, akakipata. Tiketi akakataa. Machi 2025 kadi ikauzwa kwa mnada dola milioni 1.11.

Sasa mwambie mtu wa miaka ishirini na kitu, anayelipwa na watu wanaobonyeza simu, kwamba mtoto amefungua pakiti akapata milioni. Utamlaza vipi?

Nilianza na zile laivu za kufungua maboksi. Msee yuko Marekani na boksi mbele yake. Nyinyi mnanunua timu kabla boksi halijafunguliwa. Kadi za timu yako zikitokea ni zako. Zisipotokea, pole, doh imeenda. Ukiangalia vizuri, hiyo ni kubeti iliyovaa jezi. Nilijaribu mara mbili, mara zote nikapata hewa. Mara ya tatu nikajiambia afadhali ninunue kadi ninayoiona kwa macho yangu.

Nikaipata. Mchezaji wa NBA, kadi ya msimu wake wa kwanza, sahihi, kiraka, na namba 61/99 kwa maandishi ya dhahabu, maana yake zilichapishwa 99 tu na hii ni ya 61. Jina lake nalibana, hana makosa. Dola 45, karibu elfu sita za Kenya. Binamu yangu anayeishi Dallas aliinunua kwa niaba yangu, akaibeba alipokuja Desemba, imefungwa kwa plastiki ngumu na soksi mbili.

Niliiweka mezani sebuleni usiku huo kama mtu ameleta mtoto kutoka hospitali. Mathe akasema ni kadogo. Mzee alikuwa ametoka gereji, bado yuko na ovaroli, anakunywa chai.

Hapa lazima niseme kitu. Tangu niache chuo mwaka wa pili, mimi na mzee tulikuwa tunaongea kuhusu tokeni za stima na mvua. Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Umefikiria?" nikasema ndiyo, na tangu siku hiyo tukawa watu wa tokeni na mvua. Kwa hivyo alipoweka kikombe chini na kunyoosha mkono kutaka ile kadi, nilishtuka kidogo.

Aliishika vizuri, kwa kingo, kama anashika kitu cha injini. Akaangalia kile kitambaa cheupe. Akauliza, "Hii jezi ilivaliwa mechi gani?"

Nikanyamaza. Nilijua bei. Nilijua namba. Nilijua ya mwisho ya aina hiyo iliuzwa ngapi. Mechi sikujua.

Nikaigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo kama za mkataba wa mkopo, kampuni inakuhakikishia kwamba kitambaa kilichomo ni halali, kisha inaongeza kwamba hakitoki kwa mchezo wowote, hafla yoyote wala msimu wowote maalum.

Soma tena. Halali, lakini si cha mahali popote.

Usiku huo sikulala, nilikuwa nasoma. Kumbe kuna viraka vya aina tatu. Kuna jezi iliyochezewa mechi, jasho na yote. Kuna jezi ambayo mchezaji aliivaa, lakini si kwa mechi: wachezaji wapya wa NBA hukusanywa siku moja kupigwa picha za kadi, wanavalishwa jezi moja baada ya nyingine, wanazivua, zinaenda kukatwa. Aliivaa, si uongo. Aliivaa kama unavyovaa nguo dukani ukijaribu kama inatosha. Halafu kuna aina ya tatu, ya kwangu, ambayo haikuahidi hata hivyo. Hata ile sahihi yangu, nikiinamisha kadi kwa taa, naona mstari mwembamba: aliandika kwa stika, stika ikabandikwa. Pengine hiyo kadi yenyewe hajawahi kuiona.

Hakuna aliyenidanganya. Yote yaliandikwa. Mimi ndiye niliangalia mbele tu.

Asubuhi nikamwambia mzee, "Hakuna mechi. Imeandikwa hapa nyuma." Nilitarajia anicheke, au aseme lile neno alilolibeba tangu niache chuo. Badala yake akageuka, akanionyesha mfuko wa nyuma wa ovaroli yake. Pale spana hutoboa. Pana kiraka cha kijani chenye alama nyeupe.

"Hiki kina mechi," akasema.

Nimefua hiyo ovaroli tangu nikiwa darasa la sita. Hiyo alama nyeupe nimeiona miaka yote nikadhani ni 3. Kumbe ni nusu ya 8.

Mzee alicheza Koth Biro, ile mashindano ya mtaa pale uwanja wa Umeme, Ziwani. Hilo nilikuwa nalijua juu juu, kama unavyojua mzazi wako alikuwa na nywele. Sikujua alivaa 8. Sikujua kwamba mwaka wa 1998, kwa mechi ya kutoana, mvua imenyesha tangu asubuhi na mpira hauendi, alipewa penalti ya mwisho akaipiga juu. Sikujua kwamba kuna kocha wa timu kubwa alikuwa amekuja kumwangalia, na aliondoka kabla watu hawajamaliza kusalimiana.

"Nilivua jezi Jumapili," akasema. "Jumatatu nikaingia gereji."

Mathe ndiye aliikata. Si kwa hasira, kwa hesabu: kitambaa ni kigumu, hakichaniki. Ovaroli ikizeeka anakifumua na kukishona kwa mpya. Hii ni ya nne. Mgongo mwingine wa hiyo jezi uliishia kupanguza oili.

Nilimuuliza mbona hakuwahi kuniambia. Akasema sikuwahi kuuliza. Halafu, akiwa anafunga viatu, bila kuniangalia: "Mtu anaweza kuacha kitu na bado awe mtu. Lakini ajue ameacha nini."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kusema kuhusu mimi na chuo.

Sasa sikiza, siwaambii muache kadi. Bado nazipenda, na hiyo 61/99 bado iko kwa rafu yangu. Nawaambia mambo madogo. Kabla ya kulipa, omba picha ya nyuma, si ya mbele peke yake, na usome kila neno. Sahihi ya kwenye kadi na sahihi ya stika si bei moja, uliza. Doh ya rent isiingie kwa boksi la mtu ambaye humjui. Na usiniambie ni uwekezaji kama huwezi kujibu swali la fundi wa magari.

Kwa sababu kile kiraka cha Skenes hakikufika milioni kwa uzuri wa uzi. Kilifika kwa sababu kuna mtu alikuwa pale, akakitoa kwa jezi na kusema: hiki, mechi hii, siku hii. Ukiondoa huyo shahidi unabaki na kitambaa. Shahidi wangu alikuwa anakunywa chai mbele yangu miaka yote, na ilibidi ninunue kitu Marekani ndipo aniulize swali.

Nilimwambia nitampa elfu sita kwa hicho kiraka. Nilikuwa serious kabisa. Ningekifungia kwa plastiki, niandike nyuma: Umeme, 1998, mvua, namba 8, penalti juu.

Akapiga mfuko wake mara mbili, spana zikalia.

"Hii bado iko kazini," akasema, akaenda gereji.