Tutoke au Tubaki?

Hapa kwetu Shabunda maneno ni hayo hayo, hata nje ya kanisa baada ya Misa: Kongo itoke katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, au ibaki? Nchi yetu iliingia mwaka 2022. Mwezi wa Februari 2025 M23 waliuteka mji wa Bukavu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda, mwenzetu katika Jumuiya hiyo, huwasaidia, Rwanda yakana. Ndiyo maana wengi husema, "Tutakulaje naye sahani moja?" Uchungu huo ni wetu pia.

Lakini bandari za Mombasa na Dar es Salaam, zinazopitisha bidhaa za Kivu, hazitahama. Na sisi wa msituni, ambao hata chumvi hutufikia kwa ndege kwa ubaya wa njia, faida ya kuingia hatujaiona bado. Hasara ya kutoka tutaipimaje? Tena kutoka si kazi ya siku moja. Kifungu cha 145 cha Mkataba chataka theluthi mbili za kura za Bunge, kisha taarifa ya miezi 12, na katika miezi hiyo nchi hubaki na wajibu wake wote. Mbunge atakayeiomba kura hiyo, na aje kwanza Shabunda atuambie ni nani atakayeitengeneza barabara ya Bukavu.