Kisu na Mkono

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake ni kuwa akijikata atajua, na akijua hatalilia tena. Hapa Likuyani methali hiyo husemwa mara nyingi, nami naiheshimu. Lakini juu ya wembe wenyewe siikubali. Jeraha ni mwalimu mkali, na karo yake yaweza kuwa kidole.

Msomaji, utazame mkono wako. Kunja vidole, kisha uvinyoshe. Kazi hiyo hufanywa na kano nyembamba zipitazo karibu sana na ngozi. Ngozi ikikatwa hujifunga. Kano ikikatika kabisa, ncha zake huachana, wala haziungani vema ila kwa kazi ya tabibu mpasuaji. Namjua kijana mmoja aliyeshika boksi hewani kwa mkono wa kushoto, akalikata kwa wembe mtupu. Wembe ulipenya, ukaingia katika kidole cha shahada upande wa kiganja. Kidonda kilidharauliwa kwa kuwa kilikuwa kidogo. Kilipona upesi, na kovu lake halizidi punje ya mtama. Lakini kidole hakikunjiki, na kukamua ng'ombe kumemshinda.

Katika maisha yetu hatuwezi kuvikimbia vitu vyenye makali. Mabua ya mahindi na miwa hukatwa kwa panga, mboga kwa kisu, na shuleni karatasi za manila kwa wembe. Basi lililo letu ni kujifunza kuvitumia.

Kwa kazi ya shule, kisu ambacho wembe wake huingia ndani ya mpini ni bora kuliko wembe mtupu. Mwaka 1956, Yoshio Okada wa Osaka, Japani, aliyefanya kazi ya upigaji chapa, alibuni wembe wenye mistari ambao ncha yake ikiwa butu huvunjwa, ukali mpya ukapatikana. Wazo hilo alilipata kwa chokoleti imegwayo kwa mistari. Werevu huo una fundisho: kisu butu kina hatari kuliko kisu kikali. Kisu kikali hutaka nguvu kidogo. Kisu butu huulazimisha mkono kusukuma, na mkono unaosukuma kwa nguvu haujizuii kisu kiponyokapo.

Ukitaka kukata, weka kitu juu ya ubao, usikishike hewani. Mkono ushikao usikae katika njia ya wembe, wala goti lisiwe meza. Pitisha kisu mara tatu nne kwa wepesi, badala ya mara moja kwa nguvu. Ukimaliza, rudisha wembe ndani kabla hujakiweka chini. Ukimpa mwenzako kisu cha jikoni au panga, mpe mpini. Kisu kikianguka, kiache kianguke. Rudisha miguu nyuma, usikidake. Ncha ya wembe ivunjwe kwa koleo, kisha itiwe katika kopo lenye kifuniko, maana wembe uliotupwa uani hungoja mguu wa mtoto.

Ukikatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Usitie udongo wala majivu. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi. Nenda zahanati, ueleze kama umechanjwa au hukuchanjwa. Na kidole kikikataa kukunjika au kunyoka, au kikifa ganzi, nenda hospitali siku iyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Udogo wa jeraha hauonyeshi kina chake.

Naam, mtoto akililia wembe, na aonyeshwe kwanza namna ya kuushika. Akiisha kujua, mpe. Kwa maana mkono uliofundishwa waweza kukata siku nyingi, na vidole vyote vitano vikabaki kazini.